Msamaha wa Brekke

Kitabu cha maisha yake kilimchosha Orest Hnatiuk kuliko maisha yenyewe. Alikuwa waziri mkuu wa jimbo kwa vipindi viwili, akagombana na wakulima wa ngano, na wauguzi, na wakubwa wa serikali kuu kule Ottawa, kisha akastaafu na kuyaweka yote hayo kando kama mtu avuavyo viatu vinavyobana. Sasa alikuja mwanamke wa chuo kikuu, Delphine Arcand, mwandishi wa kitabu hicho, akawa anamvisha viatu vilevile upya, mguu mmoja baada ya mwingine.

Sura ya mwisho ilikuwa na sentensi moja iliyomkosesha raha: "Watu wa Brekke, mji aliozaliwa, walimsamehe." Maneno hayo Orest mwenyewe ndiye aliyempa Delphine, alasiri moja alipokuwa hoi kwa maswali na kutaka tu mgeni aende zake.

Msamaha wenyewe ulihusu hospitali. Zamani zile hazina ya jimbo ilikuwa tupu, naye akafunga hospitali ndogo za vijijini. Asije akasemwa anapendelea kwao, ya Brekke akaifunga ya kwanza. Majira ya baridi yaliyofuata, Alvin Ostby alishikwa na ugonjwa wa moyo, akafia garini njiani kuelekea hospitali ya mbali, mkewe Verna akiwa kwenye usukani. Ukubwa ni jaa, wanasema, na Orest alijua kila takataka iliyotupwa kwake ilitoka mlango gani. Hiyo moja tu ndiyo aliyoshindwa kuizoea.

Kitabu kilikuwa kiende kiwandani kuchapwa Jumatatu. Delphine, mtu wa kupenda hakika, alisema kabla ya hapo anataka kuuona msamaha huo kwa macho yake. Basi wakaenda Brekke kwenye karamu ya bata mzinga, ile ambayo kanisa huandaa kila vuli ngano ikishaingia ghalani.

Kwenye karamu hizo mwanasiasa hakai kula na wenzake. Anapewa birika la kahawa, anapita meza hadi meza akimiminia watu, awe diwani, awe waziri mkuu. Asiyemtaka hasemi neno, hufunika kikombe kwa kiganja. Mtu ameshapoteza kiti cha bunge kwa viganja vya namna hiyo. Tangu hospitali ifungwe, Orest hakuwa amegusa birika la Brekke.

"Kweli utalibeba hilo birika na mgongo wako huo?" mkewe Marlys alimuuliza wakishuka ngazi za ukumbi ulio chini ya kanisa.

"Nitalibeba."

"Haya. Ila ukianguka, usiangukie kwenye viazi. Watu wamevilipia."

Ukumbi ulikuwa umejaa mvuke, harufu ya kabichi na makoti yaliyoloa theluji. Orest alichukua birika, akaanza na meza ya wazee waliosoma naye. Alitazama vikombe, si nyuso.

"Mimina mpaka juu, Orest," mmoja alisema. "Hii nayo usitupunguzie."

Wakacheka, naye akacheka, akamimina mpaka juu. Meza ya pili walimuuliza habari za goti lake. Ya tatu walisema mvua ya Agosti iliwaharibia shayiri. Hakuna kiganja hata kimoja kilichofunika kikombe. Delphine alikuwa nyuma yake, uso umemnawiri.

"Umeona, Bwana Hnatiuk? Wala sikuwa na sababu ya kuwa na shaka."

Orest akaendelea kumimina. Alizaliwa pale na aliwajua watu wake. Watu wa Brekke wangemmiminia maziwa hata mtu aliyewachomea ghala, kisha wamuulize kama anaongeza sukari. Adabu yao ilikuwa nene kama koti la Januari, na wao wenyewe wakati mwingine waliidhania ndiyo moyo.

"Mzee, imetosha," Marlys alimnong'oneza. "Msichana ameridhika. Tule, twende zetu."

Ilikuwa imebaki meza moja, karibu na mlango wa jiko, na hapo ndipo alipokaa Verna Ostby. Orest alitamani sana kwenda zake. Alikuwa amechoka mpaka kwenye meno. Lakini uongo aliousema alasiri ile ulikuwa umemchosha zaidi ya birika, na alijua ukishachapwa hatapumzika tena. Akaenda.

Verna hakufunika kikombe. "Nusu tu, Orest. Nyingi inanikosesha usingizi."

Akammiminia nusu.

"Asante," Verna alisema, akarudi kwenye viazi vyake. Mambo yangeweza kuishia hapo. Orest akabaki amesimama.

"Verna. Kwenye kitabu tumeandika kwamba mmenisamehe."

Pale mezani watu hawaulizani mambo kama hayo. Majirani walizitazama sahani zao kwa bidii.

"Tumekusamehe sisi nani?"

"Watu wa Brekke."

"Mimi uliniuliza lini?"

"Sijakuuliza."

"Mazishini hukuja."

"Wasaidizi wangu waliniambia nikija nitaleta waandishi wa habari."

"Ukaleta maua. Makubwa hivi, mlangoni hayakupita. Tukayaacha nje kwenye theluji." Verna alifuta mdomo. "Sikuchukii, Orest. Kuchukia kunataka nguvu, na mimi nina ngazi za kupanda nyumbani. Lakini msamaha sijautoa. Usinitolee." Kisha akamgeukia Delphine. "Alvin yumo humo kitabuni?"

Delphine alimtazama Orest, Orest akamtazama Delphine.

"Tumeandika," Delphine alisema taratibu, "kwamba mkazi mmoja alifariki njiani."

"Mkazi mmoja." Verna alisukuma sahani mbele. "Binti yangu, hapa hata bata mzinga tunamla tukijua ametoka shamba la nani."

Orest aliona aibu, aibu ya waziwazi, ya kumpasha masikio moto. Alikisoma kile kitabu mara nyingi akihakikisha jina lake liko sawa, na jina la Alvin hakuwahi kuona kwamba halipo.

"Ifute ile sentensi," alimwambia Delphine.

"Jumatatu kinakwenda kiwandani."

"Kisiende." Alivuta kiti. "Kaa hapa. Verna, tafadhali, mwambie habari za Alvin." Akaweka birika mezani, akavuta kiti cha pili.

Verna akakizuia kwa mguu. "Wewe hapana."

"Verna, nataka kusikia."

"Najua unataka. Nitamwambia huyu, Alvin alikuwa nani, na siku ile garini alisema nini. Mwanangu mwenyewe sijamwambia. Wewe utayasoma kama watu wengine."

Orest alikirudisha kiti mahali pake. Kisha akachukua birika, akaondoka. Alipogeuka, Verna alikuwa ameinama karibu na sikio la Delphine, midomo inacheza, na kelele za ukumbi zikameza kila neno.