Saa Sita Kasoro Hadi Dar

Habari za ndege msinifundishe. Miaka mitatu nilikuwa dereva wa hoteli moja pale West Bay, Doha, kazi yangu kupeleka wageni uwanjani, na kila mmoja aliniuliza safari yake itachukua muda gani. London saa saba. Dar es Salaam saa sita kasoro dakika kumi. Nilikuwa najibu bila hata kufikiri.

Kwa hiyo mdogo wangu Husna aliponipigia Alhamisi alasiri kwamba mama amefariki, nililia, kisha nikapiga hesabu. Kwetu maiti haingojeshwi. Wazee walitaka azikwe Ijumaa asubuhi. Nikakataa katakata. Mimi ndiye kifungua mimba, nani wa kushuka kaburini kumpokea mama kama si mimi?

"Ndege inaondoka saa mbili asubuhi, saa nane mchana nimetua," nikamwambia Husna. "Waambie azikwe baada ya alasiri."

Wazee wakaguna, lakini wakanikubalia.

Meneja akanipa likizo na pasi yangu, tikiti nikakata. Ijumaa asubuhi nikasimama mbele ya afisa wa uhamiaji. Akaigeuza pasi, akaangalia kompyuta yake, akauliza kwa upole, "Kibali cha kutoka kiko wapi?"

Kibali gani tena? Wallahi nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba mfanyakazi hatoki nchini bila ruhusa ya kafili, yule tajiri aliyemleta. Miaka mitatu napeleka watu pale, ila wangu walikuwa watalii na wafanyabiashara, hakuna aliyeulizwa kibali. Nami tangu niingie Doha sijawahi kutoka. Punguani mimi, nilijua saa za kila mji na sikujua kwamba mlango una mwenyewe.

Nikampigia kafili, simu imezimwa. Nikampigia meneja.

"Kwani hukumwomba kafili?" akashangaa. "Nilijua umeshamwomba. Leo Ijumaa, Twaha, ofisi ni mpaka Jumapili."

Ndege ikaondoka. Mimi nikabaki nimekaa sakafuni na begi langu, napiga ile simu ya kafili, naipiga tena, mpaka ikagonga saa sita mchana. Hapo nikakosa ujanja, nikampigia Husna.

"Umeshatua, kaka?" akapokea kwa furaha ya mtu aliyechoka kulia. "Mbona mapema? Mama tumeshamwosha na kumkafini, anakungoja wewe tu."

Nikamwambia yote. Nikasikia watu wanasoma Yasini nyuma yake.

"Basi tukungoje mpaka kesho?" akauliza.

"Hata kesho sitoki. Mjomba ashuke kaburini, mzikeni sasa hivi."

"Sawa, kaka."

"Na Husna, kabla hawajamfunika, msogelee umwombe radhi. Mwambie ni mimi niliyemngojesha bure."