Sufuria Mia Moja Arobaini na Moja

Mwaka ule shule yetu ilikuwa na wanafunzi sitini na wawili, walimu wanne, mlinzi mmoja na mpishi mmoja, ambaye ni mimi. Nayasema mapema ili anayetafuta mkosaji asihangaike.

Siku ya kwanza ya muhula, Mwalimu Mkuu, mama ambaye viatu vyake hufika kabla yake, alitangaza mpango mpya. Kila mtoto angepewa kitabu na daftari. Kila siku asome kwa sauti mbele ya mtu mzima, na kwa kila ukurasa mtu mzima atie sahihi daftarini. Siku ya kufunga mwaka, mwenye sahihi nyingi kuliko wote angesoma mbele ya wazazi.

"Na wale ambao wazazi wanarudi usiku?" akauliza mwalimu wa darasa la tatu.

"Mtu mzima yeyote. Hata Mama Mpishi yule pale."

Wote wakanigeukia. Nikatabasamu kwa meno yote huku roho imeniruka. Mimi ni kifungua mimba katika watoto tisa. Wenzangu walipokwenda shule, mimi nilibaki na mtoto mgongoni, akishuka huyu anapanda yule. Hesabu naijua, hajazaliwa muuza maharage wa kunipunja. Lakini mimi na herufi tulikuwa hatujatambulishwa. Nilikuwa na mwaka wa kumi na moja katika jiko la shule na hakuna aliyejua. Nani humuuliza mpishi kama anajua kusoma? Humuuliza kama chakula kimeiva.

Foleni ilianza kesho yake. Walikuja na vitabu vyao, wakasoma, mimi nikakoroga na kutikisa kichwa kama mtaalamu. Mtoto akimaliza, nilichukua kalamu nikamchorea sufuria yenye masikio mawili. Ndiyo ilikuwa sahihi yangu. Watoto waliipenda, na wengine waliniomba niiongezee moshi.

Wote walisoma, lakini yule tuliyemwita Redio alikuwa na yake. Alikuwa binti wa fundi viatu, darasa la tatu, mtoto asiyejua kunyamaza. Wenzake walisoma habari za kunawa mikono na kupanda miti. Yeye alifungua kitabu kilekile akasoma juu ya mbuzi aliyefungua saluni. Siku ya pili mbuzi alimnyoa simba upande mmoja, akadai malipo kabla ya kugusa upande wa pili. Siku ya tatu simba akaenda harusini na nusu kichwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Mama, maharage yameungua tena?" mwalimu wa zamu aliniuliza wiki hiyo.

"Yameiva kwa bidii, mwalimu. Wewe kula."

Nilikuwa na uroho wa hadithi, nakiri. Kuna siku nilimsomesha kurasa nne, tano kwa mpigo, na kila ukurasa nikauchorea sufuria yake. Kufikia muhula wa pili, Redio aliwaacha wenzake mbali. Siku wazazi walipokuja kupaka rangi madarasa, babake alipaka dirisha zima, kioo na vyote, kwa sababu mkono ulikuwa dirishani na mdomo ulikuwa ukimsifu bintiye. Jumapili binti alikuwa akimsomea yeye pia.

"Hutiririka," alisema. "Hasimami hata kuvuta pumzi."

Kisha Redio akashikwa na mafua siku tatu, nami nikabaki na kiu. Nilimwita kiranja wa darasa la tano, msichana makini kama karani.

"Mwanangu, nisomee pale mbuzi anapokamatwa na polisi."

Alifunua kurasa zote, mbele mpaka nyuma. "Mama Mpishi, kitabu hiki hakina mbuzi. Kina kuku mmoja, ukurasa wa tisa, na hafanyi kitu."

Nikakaa juu ya gunia.

Redio aliporudi nilifunga mlango wa jiko. Nikamuuliza kama anajua kusoma. Alitazama miguu yake. Akasema herufi humkimbia, kwa hiyo huangalia picha, kisha husema lolote linalokuja.

"Na hukuogopa kwamba nitagundua?"

"Nilijua hutagundua. Siku ya kwanza nilikushikia kitabu kichwa chini, Mama Mpishi, na ukasema nimesoma vizuri."

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kabisa, hata mwiko niliuinua. Lakini hasira ikakataa kuja, kikaja kicheko, naye akaanza, tukacheka mpaka tukakaa chini sakafuni. Tulikuwa kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

Kicheko kilikatika Mwalimu Mkuu aliponiambia kwamba msomaji wa siku ya kufunga ndiye Redio, hakuna wa kumfikia, na kwamba angepewa kitabu kipya ambacho hajawahi kukiona. Ilibaki miezi miwili. Fundi viatu alishaalika mtaa mzima na alikuwa akimshonea bintiye viatu vyekundu. Redio alinishika kanga. "Usimwambie baba," alisema, na mara ya kwanza tangu nimjue, hakuongeza neno.

Ningeweza kwenda kwa walimu. Sikwenda. Niliona haya, basi. Badala yake nilimwendea Kibogoyo, mjukuu wa mlinzi, darasa la kwanza, meno ya mbele hana lakini anasoma chochote kilichoandikwa. Tulikubaliana malipo: ukoko wote wa sufuria kubwa, kila siku, bila kugawana.

Sijawahi kuona mwalimu mkali kama yule. Alisimama juu ya kigoda, ametuelekezea kijiko. "Ba, be, bi. Mama Mpishi, usimtazame mwenzako." Nilipokosea alinisimamisha. Redio alipocheka, naye alisimamishwa. Wiki mbili nzima nilitoka jasho kuliko siku ya kupikia wageni.

Halafu asubuhi moja gunia likasema UNGA. Naapa, lilisema lenyewe. Nililitazama, likasema tena. Nikalikumbatia, nikatoka nje nimejaa unga kifuani, nikasoma sabuni, nikasoma kiberiti, nikasoma mlango wa choo. Nikiwa njiani kwenda nyumbani nilisoma maandishi makubwa ya ukutani ambayo kwa miaka kumi na moja niliamini ni tangazo la duka la nguo. Yalisema USIKOJOE HAPA. Niliinama pale barabarani nikicheka peke yangu, watu wakanipisha.

Redio alikuwa mzito kunizidi. Lakini zile herufi zilizokuwa zikimkimbia alianza kuzikamata mojamoja, kwa kidole.

Siku ya kufunga, uwanja ulijaa. Fundi viatu alikaa mbele kabisa, amechomekea shati. Mwalimu wa darasa la tatu alifungua kitabu kipya popote tu, akampa. Redio akaweka kidole.

"Ma-ji. Maji ya... ya-li-yo..."

Watu walisubiri. Redio aliinua macho akanitazama, na nikaona mdomo wake unataka kukimbia, unataka kubuni, kwani hilo analiweza usingizini. Kisha akainamisha kichwa. "Ya-li-yo-che-mshwa. Maji yaliyochemshwa ni sa-la-ma."

Alisoma sentensi sita. Zilichukua muda wa kupika chai. Mimi nililia kuanzia ya pili.

Makofi yalikuwa machache. Fundi viatu alisimama, uso umemwiva kwa aibu. "Samahanini, mtoto anaumwa. Nyumbani hutiririka."

Redio aliinamia viatu vyake vyekundu. Sikujua miguu yangu imefikaje mbele, na aproni bado ninayo. Nilimchukulia kitabu, nikafunua ukurasa uliofuata, nikasoma. Nilisoma polepole kumshinda yeye. Nilikwama mara tatu, mbele ya watu ambao watoto wao wamekula chakula changu miaka kumi na moja.

"Sikujua kusoma," nikawaambia. "Sufuria mia moja arobaini na moja nilizochora ni uongo, wangu na wake. Ukurasa mmoja mliousikia kwake ndio wa kweli. Ameusoma. Anayetaka kumcheka aanze na mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mkuu alivua miwani. Nikawa naaga jiko langu moyoni.

Kisha mlinzi akainua mkono pale getini. "Na mimi nilikuwa natia sahihi," alisema. "Za mjukuu wangu. Nilidhani niko peke yangu."

Mkono wa mama muuza mkaa ukapanda. Ukafuata wa kinyozi. Mwalimu Mkuu alihesabu kwa midomo, saba, wanane, akavaa miwani ili aone vizuri.

Wa mwisho ulikuwa wa fundi viatu. Aliuinua taratibu, akimtazama bintiye tu, hakumtazama mtu mwingine.

Redio alinipokonya kitabu, akashuka kwa viatu vyake vyekundu, akakaa kando yake. Alikiweka mapajani mwa babake, akamshika kidole cha shahada, kile chenye doa la gundi, akakiweka chini ya herufi ya kwanza.

"Tutaenda polepole, baba," alisema. "Mimi pia siendi haraka."