Mabamba Matatu Mezani

Dereva akikaa nyumbani nusu mwaka, anayeugua ni mkewe. Ndivyo fundi viatu alivyomjibu kila mteja aliyemuuliza hali ya mumewe. Wateja walicheka, naye akacheka nao, lakini hakuwa anatania hata kidogo.

Mume mwenyewe alikuwa dereva wa basi la wanafunzi. Watoto walimbatiza Breki, kwa sababu akiona mpira unavuka barabara alisimama kabisa, akangoja mwenye mpira atokee. Kisha kiharusi kikamlegeza mkono na mguu wa kushoto, akarudishwa nyumbani, na hapo ndipo raha ya nyumba ilipoisha. Akawa anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Anafungua friji, anaifunga. Anahamisha kochi, halafu anauliza nani kahamisha kochi. Jamani, alifikia hata kumfundisha mkewe kuchemsha maji.

Binti yao mkubwa ndiye aliyewaokoa. Alileta gari la rimoti, lori dogo lenye magurudumu ya vifundo, lisilozidi urefu wa buti la mvua. Daktari alitaka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kifanye kazi, na rimoti ile ilishikwa kwa mkono huohuo, mafuta yakakanyagwa kwa kidole hichohicho. Breki alinuna. Mvi zote hizi, achezee kigari? Haikupita wiki, ukimwita aje kula anakwambia subiri kwanza nipande hiki kilima. Alipanga mawe na vipande vya matofali nyuma ya nyumba, akawa anapitisha gari juu yake huku yeye anatembea nyuma, na likifika mwisho analibeba kwapani kulirudisha mwanzo. Kidole kikapata nguvu, mguu ukafuata. Daktari alimpima, akamtaka asome herufi za ukutani, naye akazisoma zote bila kukwama. Mkuu wa magari pale shuleni akasema njoo Jumatatu. Sare ilishapigwa pasi, ilining'inia mlangoni, na kila aliyepita aliipangusa vumbi lisilokuwepo.

Kilichomkera Breki kilikuwa kimoja tu, bamba la tumbo. Ni kile kipande bapa kinachofunika kigari kwa chini, mawe yasifikie gia. La kwanza lilivunjika, la pili likavunjika, na Jumamosi hiyo asubuhi likavunjika la tatu.

"Plastiki za siku hizi ni makaratasi," alisema, akimtupia mkewe vipande. "Duka la vigari liko jirani na kibanda chako cha viatu. Wape hilo walipimie, uniletee la chuma. Sitaki kusikia habari ya kitu kingine."

"Jumatatu unaendesha basi, baba watoto. Kigari cha nini tena?"

"La chuma," alisema Breki.

Mkewe akaondoka. Tangu mkuu wa magari aseme njoo, hakupata usingizi wa maana. Yeye ndiye aliyekwenda kiguu na njia mpaka ofisini kwake kuomba nafasi ya mumewe isipewe mtu mwingine. Aliitaka Jumatatu hiyo kuliko hata dereva mwenyewe. Alitaka kuamka akute kochi liko pale alipoliacha.

Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye sauti ya mnadani. Alimfahamu, maana viatu vyake vyote vilipita mikononi mwa fundi. Akammwagia mabamba mezani.

"Sikiliza, shoga yangu. Hili la plastiki linachubuka lakini linateleza juu ya jiwe, linapita. Hili la alumini ni jepesi na gumu, ila lina tabia ya kung'ang'ania mawe. Na hili la chuma halifi. Litakuzika wewe na gari. Tatizo ni uzito, gari litapanda kilima kama mimi nilivyopanda ngazi na mimba ya pacha. Anaendeshea wapi?"

"Kwenye mawe."

"Hebu nione lililovunjika."

Fundi viatu akalitoa kwenye mkoba, akaunganisha vipande, na kabla ya kumpa akaligeuza kifudifudi. Mkono ulijigeuzia wenyewe. Kazi yake yote imekaa kwenye kugeuza viatu: soli iliyolika nje, huyu ana miguu ya matege, iliyolika kisigino kimoja, huyu nyonga inamsumbua na hajasema kwao. Basi akaliangalia bamba kama soli. Upande wa kushoto ulikuwa umechakaa vibaya, mikwaruzo juu ya mikwaruzo, na ufa ulianzia huko. Upande wa kulia uling'aa kama umetolewa dukani jana.

"Mengine huchubuka wapi?" aliuliza.

"Katikati, pale penye gia. Au kote kote. Lako lina upande mmoja, eh? Labda ekseli imepinda."

Fundi viatu aliipenda mno ekseli hiyo. Alitamani iwe imepinda kama upinde. Lakini kwenye sakafu ya saruji gari lile lilinyooka sawasawa, alishaliona kwa macho yake. Akili ikaanza kumtembea, haikamatiki. Akaikumbuka sahani. Wiki nzima wamegombana kwa sababu ya sahani: Breki anakula nusu ya kulia, nusu ya kushoto anaiacha vilevile, halafu analalamika kuwa siku hizi anapakuliwa kama mgonjwa. Na yeye fundi alimjibu kwa ukali, akamwambia kama mapishi yangu yamekushinda kula, sema. Akalikumbuka shavu la kushoto, lenye ndevu wakati la kulia limenyolewa. Akalikumbuka bega linalogonga fremu ya mlango, lilelile kila siku. Daktari aliwaambia wakiona jambo geni warudi, na wao walikuwa wamekodolea macho mkono na mguu tu.

"Chukua la chuma," mwenye duka alisema. "Hili hata agonge ukuta, huoni alama."

Fundi viatu akalishika. Tuseme ukweli, alishawishika. Anunue, arudi, lifungwe, alama zisionekane tena. Jumatatu mtu avae sare aende zake, na nyumba ipumue. Herufi si alizisoma zote? Nani angemlaumu? Kisha likamjia basi lenyewe, limejaa watoto, akaliachia bamba mezani.

"Nipe yote matatu achague mwenyewe," alisema. "Mawili nitakurudishia jioni."

Njiani alitembea karibu na kukimbia. Akasimama, akageuka arudi dukani, akageuka tena. Aliyemwona alidhani kaacha jiko linawaka.

Breki alikuwa mezani, gari limelala chali mbele yake, anasafisha magurudumu kwa mswaki.

"Umekawia. Leta."

Aliyapanga mbele yake kwa mstari. La plastiki kulia, la alumini katikati, la chuma kushoto, karibu na kiwiko chake. Lichukue, alimwomba kimoyomoyo, lichukue unitukane kwa kuchelewa, nitakushukuru.

Breki akalichukua la plastiki, akalisukuma pembeni. Akalichukua la alumini, akaligonga kwa kucha, akalirudisha.

"Mwanamke, nimekutuma la chuma. Umeniletea mawili, na yote siyo."

"Yako mangapi hapo mezani?"

"Si mawili. Kwani unanifanyia mtihani?"

"Ndiyo," alisema mkewe.

Akamwekea kiganja kwenye shavu, akamgeuza kichwa polepole kuelekea kushoto. Breki akaliona bamba la chuma.

"Umeliweka sasa hivi."

"Lilikuwepo."

"Umeliweka sasa hivi, mama watoto."

Breki akarudisha kichwa mbele, akageuka tena kushoto. Mbele. Kushoto. Alifanya hivyo kama mtu anayejaribu swichi ya taa, na kila mara uso ulizidi kumshuka. Mkewe akamwonyesha bamba lililovunjika, upande huu na upande ule, akamweleza habari ya sahani na ya mlango.

"Herufi nilizisoma," alisema Breki.

"Ulizisoma. Macho ni mazima, ila upande wa kushoto akili yako inausahau."

"Mkono umepona."

"Umepona. Na mimi nimekuchoka, nisikufiche. Nataka utoke humu ndani kuliko unavyotaka wewe, nimekupigania mpaka aibu imeniisha." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Lakini sitakaa kimya, baba watoto. Siwezi."

Breki alimwashiria kwa mkono kwamba inatosha. Alikasirika, ilionekana, ila hakujua amkasirikie nani. Akapapasa meza upande wa kushoto bila kugeuka, mpaka vidole vikaligusa bamba, vikatulia juu yake.

"Watoto wanashukia upande huu," alisema.

"Ndiyo."

"Kuna kale kadogo ka darasa la kwanza. Kakishashuka hakaendi. Kanachuchumaa palepale penye gurudumu, kanafunga kamba za viatu."

Breki aliomba simu, akampigia mkuu wa magari yeye mwenyewe, akamwambia Jumatatu anarudi kwa daktari na basi apewe mwenzake. Akauliza kama huyo mwenzake yuko karibu. Alipopewa azungumze naye, akaanza kumweleza njia, kituo kimoja baada ya kingine, na kwenye kila kituo alimtaja mtoto.