Upande wa Pili, Wimbo wa Nne

…na huu ni wa pili, utafuata wa tatu ambao hauna maneno, ni gita na dramu tu, halafu utakuja wa nne, na mimi sijui nifanye nini, santuri inazunguka pale juu ya kabati la mandazi na Warsame mwenye hoteli ameigeuza spika itazame barabara ili soko lote la mifugo lisikie, anapangusa mikono kwenye aproni na kujichekea kana kwamba gita amepiga yeye, "Sikieni kijana yetu! Nairobi wamesikia miezi mingapi, sisi tunakaa tu hapa Isiolo kama watu hawana masikio," na baba yangu ameketi mbele yangu, mikono yote miwili imekizunguka kikombe, chai ya maziwa ya unga kwa sababu Oktoba hii ya themanini na nne maziwa ya ng'ombe tunayasikia kwa hadithi, haitazami spika, hanitazami mimi, anatazama mlango, na nje ya mlango kuna nguzo, na kwenye nguzo kuna kamba, na mwisho wa kamba amesimama Dalati, ng'ombe wa kijivu, mbavu unazihesabu ukiwa umekaa, ndiye aliyebaki, na tunamngoja Kiogora anayeshuka na lori kutoka Meru aje amnunue, kwa kuwa baba amesema afadhali auzwe akiwa bado amesimama… na wimbo wa nne una jina lake ndani. Jina la Dalati na majina ya wenzake watatu waliokufa. Nimewataja wote, mimi Arero, kwa sauti yangu hii, na baba hajawahi kuniambia kama ameusikia.

Inua sindano basi. Hatua tano tu, unasimama, unasema Warsame ndugu yangu, hebu turudie upande wa kwanza, ule una ngoma kali, watu watacheza… lakini Warsame ataniuliza kwa nini, kwa sauti yake ile inayofika mpaka msikitini, na hoteli nzima itageuka kunitazama, na baba atajua kwamba najua, na mimi sitaki ajue kwamba najua, au nataka, hapo ndipo ninapochanganyikiwa, maana tangu juzi niliposhuka na gita langu na sanduku la santuri tumeongea maneno mangapi, "Umefika," "Nimefika, aba," basi, yakaisha, nywele zangu hakuzisema, suruali yangu hakuisema, mtu ambaye zamani angenikalisha chini asubuhi nzima kwa ajili ya shati lisilofungwa kifungo, na kimya kingi kina mshindo mkuu, nami naungoja huo mshindo kama mtu aliyelala chini ya kuta zilizopasuka.

Sikiliza Mutuma anavyopiga hapa, anaharakisha, siku zote anaharakisha, nilimwambia, Mutuma hiyo dramu si ya kukimbiza mwizi, akacheka, Mmeru yule anacheka na kila kitu, alicheka hata siku gazeti la kwanza lilipotuandika, tulilinunua sote wanne tukalisoma tumesimama kando ya barabara, albamu ya kwanza ya vijana wa Frontia, huku kwetu kaskazini, liliandika, si roki, si ngoma za kwao, ni kama gari lililozima njia panda, Mutuma akasema angalau wamesema ni gari, halafu gazeti la pili likatusifu mpaka nikaona haya, na likausifu zaidi wimbo wa nne, likasema upande wa pili unafungwa na kilio cha kijana anayewalilia wasichana wanne waliomwacha, anawaita kwa majina mmoja mmoja, Dimtu, Gurati, Bure, Dalati, na Mutuma akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, akishika tumbo, "Arero, mabibi zako wanne, na hakuna hata moja ako na viatu!" nami nikacheka pia, Mungu anisamehe, nilicheka, ilikuwa Juni, na Juni hiyo Dimtu alikuwa tayari hawezi kuinuka bila watu wawili kumshika mkia na pembe, mimi sikujua, barua ya mama ilikuwa bado njiani.

"Uongeze chai, mzee?" Warsame anamwinamia baba. "Ya leo hulipi, mzee Kalicha, baba ya staa halipi hapa." Baba anasema tosha, tosha. Baba ya staa. Ona mkono wake ulivyokonda, ile pete ya fedha inazunguka yenyewe kidoleni… mkono huo ndio uliokuwa chini kabisa ya kisima chetu kule upande wa Kinna, wanaume watatu mmoja juu ya mwingine, baba chini majini, ami yangu katikati, mimi juu karibu na mwanga nilipotimiza miaka ya kupokea okole, ile ndoo ya ngozi, unaipokea imejaa, unaimwaga kwenye hori, unairudisha tupu, na huwezi kuifanya kazi hiyo bila kuimba, mkono unafuata wimbo, aliye juu anaita, aliye chini anajibu, na ng'ombe huko mbali wamesimama wanasikiliza, hawasogei mpaka wasikie wanaitwa, kundi kwa kundi, wa kwetu wanajua ni wa kwetu, wanakuja wenyewe bila fimbo, na sauti ya baba inatoka ardhini kama si ya mtu, inanijibu mimi mtoto… hakuna mahali nimewahi kuimba vizuri kama pale, hata kwenye ukumbi ule wa Nairobi wenye taa za rangi, hakuna.

Na kuna ile siku nyingine, sitaki kuikumbuka sasa, kumbe ndiyo inayokuja, nilikuwa na miaka saba, nimepanga vijiwe vyangu nyuma ya nyumba, kila kijiwe ng'ombe, nikaviimbia wimbo wa kisima kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na ng'ombe wa kweli waliokuwa wakila majani kule bondeni wakainua vichwa, wakaacha kula, wakaja, wote, wakalizunguka hori kavu wakinitazama, na baba akatoka akaona, sikupigwa, hata hakupaza sauti, alinipeleka kisimani akashuka chini, akaninyooshea ndoo, tukateka sisi wawili mpaka jua likazama, mpaka wa mwisho akanywa, mikono yangu ikachubuka, na aliposhika kidevu changu alisema neno moja tu, "Ukiita, nywesha." Maana yake naijua, ng'ombe hadanganywi kwa maji. Mwanadamu unaweza kumdanganya na kesho ukamwomba msamaha, ng'ombe utamwambia nini.

Wa tatu umeanza. Huu hauna neno, ni dakika tatu na kitu, gita langu linalia, wakati ule niliona ni kazi kubwa, leo nalisikia kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni… bado dakika tatu… na studio ile, kuta zimebandikwa trei za mayai, prodyusa mwenye miwani anasema tumebakiwa na nafasi kidogo mwisho wa upande wa pili, nani ana kitu cha kwao, chochote, na mdomo uliponza kichwa, nikasema mimi ninacho. Nikafumba macho. Nikaita. Pale ambapo baba hujibu kutoka chini tukaweka gita la umeme, Mutuma akaingia polepole kwa mara ya kwanza maishani mwake, na tulipomaliza prodyusa alivua miwani akajipangusa macho, na juu ya kistuli kando yangu kulikuwa na glasi ya maji waliyoniwekea ya kulainisha koo, nikaichukua, nikaimaliza yote kwa mkupuo mmoja. Niliwaita wao, nikanywa mimi. Hiyo ilikuwa Februari. Aprili mvua haikunyesha.

Siamini mambo hayo. Nimesoma mpaka kidato cha nne, najua ukame ulishika nchi nzima, mpaka kwa Wameru kwenye mashamba yao mabichi, mpaka watu wakala unga wa njano wa kutoka ng'ambo, je, na huko kote ni mimi niliimba? Lakini mama alininong'oneza juzi jikoni, mama Batula ambaye hajui kusema uongo, kwamba mtu mmoja kule Kinna aliusikia wimbo redioni akasema mbele ya wazee, mtoto wa Kalicha amewaita ng'ombe mahali pasipo na maji, sasa mnaona, na wengine wakaitikia, na baba alikuwepo, alichukua fimbo yake akaondoka, "Wewe usimwulize aba yako," mama akaniambia, "kama anataka kusema atasema." Atasema. Mwezi wa saba Dimtu, mwezi wa nane Gurati na Bure kwa wiki moja, na boma lote baada yao, na redio inaupiga, watu wanatuma salamu, wasichana wa Nairobi wanaucheza wakitikisa mabega, wanaimba Dimtu Dimtu bila kujua wanamwita nani, na mimi nilisimama jukwaani nikawaimbisha mara mbili, mara tatu, huku wao wakianguka… siamini. Ninaogopa. Nina miaka ishirini na sita, sura yangu iko kwenye jalada la santuri nimevaa miwani ya jua katikati ya zizi, na ninamwogopa mzee mmoja mwenye kikombe cha chai.

Inua sindano. Simama sasa. Nimesimama, kumbe, nimeshika kiti, Warsame anafikiri nataka kucheza, "Aya, staa, tuonyeshe!" mtu wa meza ya nyuma anapiga makofi, na gita la wa tatu linamalizika, kuna ule mkwaruzo wa sindano kwenye nafasi, kr, kr, hatua tano, ningeweza hata sasa, na miguu haiendi, kwa sababu, nikisema ukweli, nataka asikie, nataka asikie kwamba sikusahau hata neno, kwamba niliwataja kwa mpangilio ule ule aliouzoea… na sauti yangu inatoka kwenye spika, pekee, bila gita, kubwa kuliko ilivyo, inaenda barabarani.

Nje kamba inakazika.

Dalati ameinua kichwa, masikio yote mawili mbele, anavuta, nguzo inalia, anaitazama spika, ng'ombe ambaye tangu asubuhi hakuwa na nguvu ya kufukuza nzi, anaweka kwato moja kwenye kizingiti, na Warsame anapiga kelele, "Oi, oi, mzee, ng'ombe yako inataka kuingia hoteli! Hata yeye anajua muziki!" na watu wanacheka, hoteli nzima inacheka, si kwa ubaya, wanafurahi, ni sifa ambayo hakuna gazeti lingeiandika, nami nataka ardhi inimeze, Dimtu, inaita sauti yangu, halafu gita linajibu, Gurati, linajibu, na baba ameweka kikombe chini. Midomo yake inasogea. Hatoi sauti, lakini inasogea pale pale linapojibu gita, si kabla, si baada, anajibu kutoka chini, aba anajibu, na macho yake yamejaa na hayapangusi.

Anainuka. Sasa ndio unakuja, ule mshindo, najisemea, mbele ya watu hawa wote.

"Warsame," anasema, "uko na karai?"

"Karai? Ya nini, mzee?"

"Ya maji. Jaza."

Na Warsame ananitazama mimi, kicheko kimemkauka, maji hapa hoteli yananunuliwa kwa mtungi siku hizi, lakini anaingia nyuma na anatoka na karai limejaa mpaka ukingoni, baba anashika upande mmoja, halafu anasimama nalo hivyo, limeinama, linamwagika kidogo, anangoja, nami sielewi anangoja nini mpaka anaponiambia kwa Kiborana, taratibu, bila hasira ambayo ningeweza kuitambua, "Shika upande huo. Ni wewe umemwita."

Nimeshika. Ni zito kuliko nilivyodhani, na sijui kama nimesamehewa au nimerudishwa kazini kama mtoto wa miaka saba, sijui hata kama amewahi kunikasirikia, huenda miezi yote hii alikuwa akingoja tu mtu wa kushika upande wa pili, au huenda sivyo, uso wake hausemi, tunatoka kwa hatua ndogo ndogo, maji yanaingia kwenye viatu vyangu vya Nairobi, ng'ambo ya barabara Kiogora anashuka kwenye lori na kamba yake begani, anatuona, anasimama, haji, na tunaliweka karai chini, na nyuma yetu wimbo haujaisha, sauti yangu inamwita Dimtu, inamwita Gurati, inamwita Bure, na Dalati ameinamisha kichwa, anakunywa.