Neno la Neeltje

Neeltje alikuwa amepiga magoti akisugua vigae vya jikoni, vile vyeupe vilivyochorwa maua ya buluu, aliposikia buti ngazini. Koplo Kunze alishuka akimburuta Jobst kwa ukosi wa koti, akambwaga mbele ya ndoo.

Tangu mfalme awalete mafundi wa Kiholanzi kuujengea mji wake wa Potsdam mtaa wa matofali mekundu, kila nyumba ya huko ililaza askari darini. Wa kwa Neeltje alikuwa Jobst, mwaka wa pili huu. Alimchotea maji, akamtengenezea bawaba za madirisha, na supu yake ya njegere aliila hadi akalamba kijiko.

"Kamba chini ya godoro ya nini? Unataka kuruka ukuta wa mji utoroke jeshi, siyo?" koplo aliuliza.

"Ya kuanikia nguo, afande."

"Nguo gani, we mwenye shati moja!" Akageuka. "Haya, Mama Mholanzi, wewe ndiye unayemlaza. Mtu gani huyu? Neno lako ndilo nitakalompelekea kapteni. Ukimsema vibaya, kesho anapitishwa katikati ya watu mia mbili, kila mmoja na fimbo yake."

Neeltje hakujua Kijerumani ila cha sokoni, lakini hilo alilielewa. Aliwahi kuona mtu aliyepitishwa humo akirudishwa kwenye mkokoteni, mgongo haujulikani nyama wala nguo. Akatafuta neno la kumsifu kijana mwenye akili, akalipata katika lugha ya mama yake.

"Slim!" alisema akitabasamu. "Jobst, slim!"

Masikini! Masikioni mwa Mjerumani neno hilo ni mtu mbaya, muovu.

"Umesikia mwenyewe?" Fimbo ya koplo ikamshukia Jobst. Ya kwanza ilimchana sikio. Ya pili ilimvunja mkono, na Neeltje akausikia mfupa ukilia kama kuni kavu.

"La! La! Slim! Slim sana!" alipiga kelele. Na kila alipolisema, fimbo ilizidi. Damu ikaruka hadi kwenye vigae alivyokwisha kuvisugua.

Mumewe Wessel, mwashi, aliingia mbio kutoka uani, mwiko bado una chokaa. Yeye lugha aliijua. "Afande, ngoja! Kwetu slim ni mwerevu! Mke wangu anamsifu!"

Koplo akasita, akajipangusa jasho, kisha akacheka. "Mwerevu? Ndio hao hao. Mjinga hukaa kambini, mwerevu ndiye anayetoroka." Akainua fimbo tena, safari hii akilenga kichwa.

Neeltje alivua kiatu chake cha mti, akakishika kwa mikono miwili, akampiga nacho kisogoni. Koplo alipiga magoti kama mtu anayesali. Akampiga mara ya pili, na ya tatu, mpaka kiatu kikapasuka. Koplo akalala kifudifudi, hakutikisika tena.

Wessel aliufunga mlango. "Neeltje, umetuua. Watatunyonga."

"Watatunyonga," Neeltje alijibu. Alikuwa amekwishampakata Jobst, akitega sikio kifuani mwa kijana. "Lete maji, baba. Mwana wa watu bado anapumua."