Mwanamke Ambaye Hakutungwa

Dada na mdogo wake walikuwa katika kundi moja la waandishi kwenye simu, na dada ndiye aliyetangulia kuingia. Alikuwa mshonaji wa mapazia, mwenye duka la vyumba viwili na cherehani tatu, na watu wote walimwita Fundi, hata ndugu zake walipotaka kumtania. Kundi lilikuwa na watu kama mia na arobaini: walimu, wauguzi, dereva mmoja wa lori, karani wa mahakama, na wengine ambao hakuna aliyejua wanakula kwa kazi gani. Kila Ijumaa saa nne asubuhi mmoja wao alibandika hadithi yake, na wenzake wakaijadili mpaka jioni. Msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno ya kuhesabika. Akisema "hii imekaa sawa," mwandishi anatembea kifua mbele wiki nzima.

Katika miaka mitatu Fundi alikuwa amebandika hadithi nne tu. Hakuwa mwepesi. Sentensi moja aliifumua na kuishona tena mpaka inachakaa. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno, mwenye ulimi mwepesi na vidole vyepesi zaidi. Fundi ndiye aliyemwingiza kundini. "Njoo uandike," alimwambia, "badala ya kutusimulia sisi mpaka chai inapoa."

Ijumaa moja ikawa zamu ya Kitinda. Fundi aliweka mkasi chini, akavaa miwani, akakaa juu ya jora la kitambaa na kuanza kusoma kwa furaha ya mzazi aliyekuja kumwona mtoto wake akipanda jukwaani.

Hadithi ilimhusu mwanamke anayerudi kutoka kazini akakuta kitasa cha nyumba yake kimebadilishwa na vitu vyake vimejazwa kwenye magunia nje. Ndani yumo mumewe na mke mpya. Kufika aya ya tatu, Fundi alikuwa ameinuka kutoka kwenye jora. Katika aya ya tano mwanamke anapiga magoti, anaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo na kusema: "Usinifukuze. Nitampikia. Nitamfulia. Nitalala jikoni, hata jina langu msiniite."

Maneno hayo yalikuwa ya Fundi. Aliyasema kwa mdomo wake miaka tisa iliyopita, magoti yake yakiwa kwenye saruji. Aliyasimulia kwa mtu mmoja tu duniani, siku walipokuwa wawili hospitalini wakimuuguza mama, na mtu huyo alimshika mkono akamwambia, "Dada, hili tunalizika hapa hapa."

Chini ya hadithi watu walikuwa wameshaanza kuandika.

"Mwandishi umetia chumvi," alisema dereva wa lori. "Mwanamke wa hivi hayupo."

"Yupo," alijibu karani wa mahakama, "ila ni mjinga wa kutupwa." Akaweka na nyuso tatu za kucheka.

Mwingine akasema hata mkeka una heshima kuliko huyo. Wengi walisifu. Walipenda hasa mwisho, pale mwanamke anapoinuka, anapangusa magoti na kwenda zake bila kugeuka nyuma. Mwalimu akaandika: "Hii imekaa sawa kabisa. Aya ya tundu la ufunguo sitaisahau."

Kisha Kitinda akajibu wote kwa pamoja: "Asanteni jamani. Huyo mwanamke ni wa kubuni tu, nimemtunga kichwani nikiwa kazini."

Fundi aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Kicheko cha karani kilimuuma, lakini hii ilimuuma zaidi. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo asingemwambia mtu. Kabatini alikuwa na daftari lenye mianzo kumi na moja ya hadithi hiyo hiyo, na yote ilikwama kabla hajafika mlangoni. Kitinda alikuwa ameivusha mpaka mwisho, na ameiandika vizuri.

Alimwomba mteja aliyekuwa akichagua rangi arudi kesho, akafunga duka, akaenda kliniki kwa miguu.

Kwenye benchi walikaa watu wanne wameshika mashavu. Kutoka chumba cha ndani ilisikika mashine ya kutobolea meno. Kitinda alikuwa nyuma ya kaunta, na alipomwona dada yake alitabasamu.

"Dada, karibu. Jino limekuanza?"

"Si jino."

Tabasamu likamtoka. "Umeisoma."

"Nani alikuruhusu?"

"Nimebadilisha kila kitu. Shemeji alikuwa wa kuchomelea vyuma, huyu ni mwashi. Mlango nimeupaka nyekundu. Hakuna atakayejua ni wewe."

"Mimi nimejua."

"Punguza sauti basi, kuna wagonjwa."

"Wanaumwa meno, hawaumwi masikio."

Kitinda alitoka nyuma ya kaunta, akasimama karibu naye. "Miaka tisa, dada. Mpaka leo hujaiandika. Nikaona utakufa nayo tumboni."

"Kitambaa nilichokata nikakiweka kabatini ni changu. Nisipokishona miaka tisa, bado ni changu. Hata panya wakikitafuna, wametafuna cha kwangu."

"Na wewe je? Hadithi yako ya pili, yule mama mlevi anayegombana na kuku. Si jirani yetu yule? Ulimwomba ruhusa?"

Hilo Fundi hakuwa amelifikiria. "Jirani hakuniambia siri yake akilia," alisema, na mwenyewe alisikia kuwa jibu halijatosha, jambo ambalo lilizidi kumpandisha hasira. "Ungekaa kimya basi. Wanamwita mjinga, wanamcheka, na wewe unawaambia umemtunga kichwani. Mimi nimetoka kichwani mwako? Yale magoti ulipiga wewe?"

Mzee mmoja aliyevimba shavu alisema kutoka kwenye benchi, kwa shida, "Mpokezi, mwombe dada yako msamaha, na sisi tuitwe."

Hakuna aliyecheka. Kitinda aliinamisha kichwa. "Naifuta leo hii."

"Usiifute." Fundi mwenyewe alishangaa kujisikia. "Iache pale pale."

Jumamosi na Jumapili hakufungua duka. Alikaa ndani kwenye meza ya kukatia na kuandika kwenye simu. Daftari hakuligusa. Safari hii hakufumua kitu. Neno likija alilipokea lilivyo, likiwa limepinda aliliacha limepinda. Jumapili alasiri, bila zamu wala ruhusa, alibandika kundini.

"Mwanamke wa Ijumaa hakutungwa," alianza. "Ni mimi. Maneno ya mlangoni ni yangu, niliyasema. Mwisho ndio wa uongo, kwa sababu mwandishi hakuujua."

Akaeleza kwamba hakuinuka na kwenda zake. Alirudi kesho yake, akapiga magoti tena. Siku ya tatu alirudi na pazia. Alikuwa amekesha akilishona kwa ajili ya dirisha la chumba cha mke mpya, akikumbuka vipimo vya dirisha lile kwa kichwa, akidhani wakiona kazi ya mikono yake watamwona ana faida ndani ya nyumba. Mlango ulifunguliwa kiasi cha mkono kupita. Mkono ukachukua pazia, mlango ukafungwa.

"Mlipenda alivyoondoka bila kugeuka," aliandika. "Mimi sikuacha kwenda kwa sababu nilipata akili. Niliacha kwa sababu walihama. Wewe karani uliyesema mjinga wa kutupwa, sema tena leo, ila uniite mimi."

Kwa karibu saa nzima hakuna aliyeandika neno, ingawa ilionekana watu wanasoma. Kisha karani wa mahakama akajitoa kundini bila kuaga. Dereva wa lori aliandika, "Nilisema hayupo. Nimekosa, dada." Wawili watatu walilalamika kwamba kundi ni la fasihi, mambo ya familia yamalizwe nyumbani. Fundi aliwasoma hao mmoja mmoja na hakuwajibu.

Jioni mwalimu alimpigia simu.

"Umevunja utaratibu wa kundi," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na aya zako zimeparaganyika. Ya mdogo wako imejengwa vizuri zaidi."

"Najua. Lakini ulisema kuna aya hutaisahau."

"Nilisema."

"Aya hiyo si ya kwake. Ni maneno yangu kama nilivyoyatoa mdomoni. Alichotunga yeye ni rangi ya mlango."

"Sikujua, mama," alisema mwalimu, na tangu hapo hakumsahihisha tena siku hiyo.

Wiki saba dada na mdogo wake hawakusemeshana. Walikutana mara moja kwa shangazi yao, wakakaa meza moja, na kila mmoja aliyetaka sukari alimwomba shangazi, hata bakuli lilipokuwa mbele ya mwenzake. Shangazi alichoka kuwa daraja, akalichukua bakuli na kwenda nalo jikoni.

Asubuhi moja Kitinda alikuja dukani. Alisimama mlangoni na mkoba mkononi kama mteja asiyejua bei.

"Mwalimu anakusanya hadithi za kundi zitolewe kitabu," alisema. "Anaitaka ile yangu. Nimemwambia siwezi kumjibu kabla sijakuuliza."

"Na nikisema hapana?"

"Itakuwa hapana."

Fundi aliendelea kukata. Ilikuwa hadithi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika Kitinda, na wote wawili walilijua hilo. Alikata mpaka ukingoni mwa kitambaa ndipo akajibu.

"Hapana."

Machozi yalimlengalenga Kitinda, lakini hakubisha. "Sawa, dada."

Hakuondoka. Aliingia ndani, akaweka mkoba juu ya cherehani. "Lile pazia," alisema. "Siku ile hospitalini mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ungeliandika."

Kitambaa kilikuwa kikiteleza upande wa pili wa meza, Kitinda akakizuia kwa mikono miwili. Hasira ilikuwa bado haijamtoka Fundi, lakini alichukua chaki na kuendelea kupima, akamwacha mdogo wake akishike.