Chaza kwenye Kaburi la Mande

Siku ya Watakatifu Wote, watu wengine huenda makaburini kwa gari. Mzee Jure Vidoš huenda kwa mashua ya kuvulia chaza, kwa kuwa barabara ya kwenda kwa marehemu mkewe ilizama zamani. Safari hii alibeba ndoo ya chokaa, brashi, na binti yake Tonka aliyekuwa amenuna tangu gatini.

"Baba, padre anataka jibu leo. Mama ahamishiwe huko juu, nyuma ya tuta la kuzuia mto, kabla maji hayajamfikia. Na nafasi yako pembeni yake ipo."

"Mama yako kazaliwa huku. Akalale na watu asiowajua?"

"Basi ungewaacha watoboe tuta."

Hapo alimkata maini. Serikali ilipanga kutoboa tuta la mto Mississippi ili tope la mto limwagike huku, lijenge upya ardhi inayoliwa na bahari. Lakini maji yasiyo na chumvi yangeua chaza wote, na Jure ndiye aliyesimama kila mkutano akipinga mpaka sauti ikamkauka. Mradi ulipofutwa, wavuvi walimbeba juu juu. Tonka naye alicheza siku ile, maana mashua ni yake sasa.

"Na wanao wangekula nini? Tope?"

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Makaburi yaliyosalia yalikuwa kwenye kipande cha ardhi kisichotosha hata watoto kucheza mpira. La mkewe Mande lilikuwa la matofali, limejengwa juu ya ardhi bila kuchimbwa, kama yote ya huku, lenye nafasi ya wawili. Jure alishuka, maji yakamfika kwenye vifundo. Alimkumbuka mkewe mno. Alitamani hata zile kelele zake walipokuwa wakichambua chaza mashuani: "Jure, huyo bado mtoto, mrudishe majini. Una njaa gani wewe?"

Akachovya brashi, akapaka kuanzia juu kushuka chini, kama kila mwaka. Karibu na maji brashi ikakwama. Akainama kutazama. Chaza wadogo, wa ukubwa wa kucha, walikuwa wamegandia matofali upande wote aliolala Mande. Chaza hawaishi pasipo maji ya chumvi. Kumbe bahari ilikuwa ikimfikia kila siku, na yeye hana habari.

Tonka akaja na kisu. "Niwabandue?"

"Waache. Hawajafika kipimo."

Alisimama pale, brashi ikidondosha chokaa kwenye buti lake. Hawa ndio aliowapigania. Angetoa chochote Mande amwambie kama alifanya vizuri au alifanya ujinga. Kisha akaendelea kupaka, taratibu, akaishia juu kidogo ya chaza ili chokaa isiwaguse.

"Mwambie padre mama yako anakuja," alisema. "Na mimi nitamfuata siku yangu ikifika. Hapa pameshapata wenyewe."